Siku Waliyodhani Nimekimbia

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa,

Kuna neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si Mon Père kwenye kitubio, na leo naliandika kwa mara ya kwanza. Siku ile tulipokuwa tunafua nguo nyuma ya nyumba, kabla homa haijakushika, uliniambia kwamba ukifika Ulaya na kwaya hutarudi. Ulisema huku unakamua kikwembe cha mama, bila kuniangalia: "Mi nikifika kule, Kapinga, sirudie. Na usiseme."

Sikusema. Hata ulipokufa sikusema. Kwenye kilio watu walikaa kwenye mikeka wakilia kwamba kwaya imepoteza sauti yake na mama amepoteza mtoto wake wa kwanza, na mimi, mdogo wako, nilikaa katikati yao nikiwa na siri ambayo mwenyewe hayuko tena. Sikujua niiweke wapi. Bado sijui. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nikuambie kwanza yaliyobadilika. Mama haimbi tena akisonga bukari. Nikikohoa kidogo tu anasimama mlangoni ananiangalia. Kitanda chako bado kiko pale, mimi nalala kwenye changu, na katikati kuna kiti chenye vitabu vyangu, kwa sababu nafasi tupu ilikuwa inaniogopesha. Niko mwaka wa sita sasa, nangojea mtihani wa serikali. Simu ikilia, nashtuka kabla sijajua ni nani. Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa mwoga wa watu tu, sasa naogopa hata simu.

Matanga yalipokwisha, Mama Monga, kiongozi wenu wa kwaya, alikuja nyumbani. Unamjua, hakai mpaka amesema kilichomleta. Alisimama akamwambia mama, "Karatasi hazijaenda ubalozi bado. Masista wa Espagne banatungojea. Nafasi ya Ngalula iko wazi. Mutoto huyu ajifunze alto, aende." Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia ukurasa wa kitabu nilichokuwa nacho, sikuona hata herufi moja. Unajua sauti yangu, Yaya. Ninyi mlikuwa mnaimba, mimi nafungua mdomo tu. Lakini mama alisema, "Aende," na alipokwisha kusema akaingia jikoni.

Basi nikavaa kanzu yako ya kwaya, mama akaipunguza chini. Nikavaa na viatu vyako vya kahawia, vile ulivyonunua kwa ajili ya safari. Vilikuwa vikubwa, nikaweka pamba mbele.

Kabla hatujaondoka Mon Père alituita kwenye sakristia akafunga mlango. Alituambia kwamba yeye na Mama Monga wameweka sahihi kwa ajili yetu. Kuna vijana wa mji mwingine waliokwenda kucheza mpira Ulaya, na baadhi yao hawakurudi, na tangu hapo kila kijana wa kule anayeomba viza anaonekana mwizi. "Mukirudi bote, bengine batakwenda," alisema. "Mumoja akibakia, mulango umefungwa. Mwaka ujao hakuna, mwaka ule mwingine hakuna." Wote walijibu ndiyo, Mon Père. Mimi nilijibu mwisho, polepole, nikaona Mama Monga ananitazama. Labda alitazama tu. Lakini mimi nilikuwa na siri yako mdomoni, na nilihisi kama inaonekana kwenye meno.

Wiki nzima ya safari sitakuandikia. Tuliimba kwa masista, walilia, walitupa vyakula ambavyo Ilunga alikuwa anavinusa kwanza kabla ya kula. Unamkumbuka Ilunga wa tenori, mdomo wake haujabadilika. Nataka kukuandikia siku ya mwisho.

Siku ile masista walitulipia matembezi ya mji wa Toledo. Basi ilitutoa Madrid asubuhi, na jioni ingetupeleka moja kwa moja uwanja wa ndege. Mizigo yetu yote ilikuwa tumboni mwa basi. Paspoti zote zilikuwa katika mkoba wa Mama Monga, na mkoba ulikuwa chini ya kikwembe chake, umefungwa kwa fundo.

Mji ule, Yaya, umekaa juu ya mlima wa mawe, na mto unauzunguka karibu pande zote. Njia zake ni nyembamba hata ukinyoosha mikono unagusa nyumba za huku na za huku. Madirishani wanauza panga ndefu za askari wa zamani, zinang'aa, safu kwa safu. Ilunga akasema, "Hawa batu bado banangojea vita?" Mwongozaji wetu, mwanaume mwembamba aliyebeba ua la alizeti la plastiki juu ya fimbo, alituvalisha kila mtu kidude cha sikioni ili tumsikie akisema Kifaransa kwa sauti ndogo. Mimi nilikishika kile kidude kwa kidole muda wote, nikiogopa kitaanguka.

Alituambia kwamba katika mji ule mtu hawezi kuchimba hata shimo dogo bila ruhusa, kwa sababu chini kuna kuta za watu wa zamani. Kuna mtu alitaka kutengeneza choo chake, akakuta chini ya sakafu bafu la Waarabu, na serikali ikamkataza kuendelea. Ilunga hakuweza kunyamaza. "Kwetu ungekuta cobalt, bwana! Ungehama na choo chako!" Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Kisha nikafikiri juu ya mtaa wetu, wanavyochimba madini chini ya sebule mpaka nyumba ya jirani inapasuka, na alama nyekundu ya kubomoa waliyopaka kwenye ukuta wa shule ya msingi tuliyosoma. Wao wakichimba wanakuta babu zao. Sisi tukichimba tunakuta gari la kuja kuchukua.

Tuliingia katika sinagogi la zamani ambalo baadaye liligeuzwa kanisa. Tuliona na kanisa dogo lililoanza kama msikiti. Nilikuwa nimesoma hayo kabla ya safari, katika kitabu cha maktaba ya masista, lakini kusimama pale ni kitu kingine. Nguzo nyeupe, mwanga mdogo, na wewe haupo. Nilijiuliza kama nyumba inaweza kuona aibu kwa kukaliwa na mtu mwingine. Ni swali la kijinga. Ningekuwa nimekuuliza, ungenipiga kofi la kichwa ukaniambia, "We soma, usifikiri."

Baada ya kula tuliteremka njia moja yenye mawe ya mviringo. Pamba ilikuwa imehama ndani ya kiatu, nikawa nyuma kabisa. Mbele kulikuwa na kanisa dogo lenye ngazi, na mbele ya kanisa gari jeusi refu lililokuwa karibu kugusa kuta zote mbili. Wanaume walikuwa wanatoa jeneza. Watu wachache, wazee wengi, walikuwa wamesimama mlangoni. Alizeti ya mwongozaji ikapita pembeni ya gari, Mama Monga nyuma yake, wengine wakafuata mmoja mmoja wakijibana kwenye ukuta kama watu wanaopita kwenye foleni.

Mimi nikasimama.

Sikufikiri, Yaya. Miguu ndiyo iliyosimama. Kwetu maiti ikipita unasimama, hata kama umebeba maji kichwani, hata kama humjui. Siku tulipokupeleka makaburini nilikuwa kwenye gari la nyuma yako, na niliona pikipiki zote zinasimama pembeni, wapanda pikipiki wanazima moto. Kulikuwa na lori kubwa la shaba limetoka njia ya kuelekea Fungurume, limejaa mabamba ya shaba mpaka juu. Dereva alizima injini, akashuka, akavua kofia akaishika kifuani mpaka gari letu la mwisho lilipopita. Hakukujua. Nyuma yake malori mengine yalijipanga na hakuna aliyepiga honi. Siku ile sikukumbuka sala hata moja, lakini yule dereva namkumbuka mpaka vumbi la viatu vyake.

Sasa ningepitaje?

Nilisimama na mikono imeshuka, kichwa chini. Sikioni mwongozaji alikuwa anasema, "kushoto, angalieni ngazi," kisha "mbele yetu", kisha sauti ikaanza kukatika, kisha ikawa ile sauti ya mafuta yanayokaanga, kisha hakuna. Niliinua kichwa. Njia ilikuwa tupu. Nilitaka kukimbia, lakini jeneza lilikuwa mbele yangu bado halijaingia, na nitakimbiaje mbele ya maiti?

Hapo mama mmoja wa pale, mwenye nywele nyeupe, akanishika mashavu akanibusu huku na huku, akasema maneno mengi kwa lugha yao huku analia. Alinishika mkono akaniingiza kanisani. Nilisema kwa Kifaransa, "Hapana, mama, samahani," lakini unajua sauti yangu. Nadhani hata mimi sikuisikia. Alinipeleka mpaka mbele, akaniketisha kwenye benchi la pili, karibu na mwanamke mweusi aliyevaa koti jeusi, peke yake. Ndipo nilipoelewa. Walidhani mimi ni mtoto wake.

Yule mwanamke akageuka akaniangalia. Alijua kwamba hanijui. Niliona macho yake yanafikiri. Kisha akachukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake akaushika, na akaendelea kulia.

Misa yote aliushika. Ningefanya nini? Mtu mwenye kilio akikushika mkono huutoi. Nilikaa pale nikimsikiliza padri bila kuelewa ila jina la Mungu, na kila dakika nilimwona Mama Monga akihesabu vichwa. Nilijua atakayoyafikiri. Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe ningefikiri vilevile: yule mkimya, yule asiyecheka sana, yule aliyejibu mwisho kwenye sakristia.

Walipotoka, jamaa waliingia kwenye magari kwenda makaburini. Magari yalijaa. Yule mwanamke alibaki mlangoni pamoja na mimi, akitazama gari jeusi likigeuka kona kwa shida. Ndipo aliponiuliza, kwanza kwa lugha ya pale, kisha alipoona sielewi, kwa Kifaransa cha kubabaisha: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Jina lake ni Purificación, lakini kule wanamwita Puri. Mimi nilimwita Mama Puri. Anatoka Guinée ile wanayosema Kispanyola, Kifaransa alikipata alipokuwa anauza nguo Libreville. Kwa miaka mingi alikuwa anamtunza yule bibi aliyekufa, anamwogesha, anamlisha, analala chumba cha pembeni. Nilimwambia mimi ni wa Kongo, wa Kolwezi, nimekuja na kwaya, kundi limenipita kwa sababu nilisimama. "Ulisimama kwa nini?" Nikamwambia. Aliweka mkono mdomoni. Sijui kama alicheka au nini. "Na basi yenu inaondoka saa ngapi, mtoto?" Nilipomwambia akaacha kila kitu, akanivuta.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Nyumba ya yule bibi ilikuwa karibu, Mama Puri bado alikuwa na ufunguo. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa na ya machungwa, saa zote zimesimamishwa, na kitanda cha hospitali kimetandikwa shuka safi. Akanipa mtandao wa nyumba. Simu ikaanza kutetemeka mkononi kama kitu kilicho hai.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwenye kundi letu la WhatsApp la safari:

"Kapinga uko wapi? Tuko kwenye daraja."

"Labda iko kwenye vitabu 😂"

"Kapinga jibu."

"Mama Monga anauliza nani alimuona mwisho."

"Kanisa lile la ngazi. Kisha sikumuona."

"Amekimbia."

"Usiseme vile weye."

"Amekimbia ninakuambia. Bakimya ndio benye kukimbiaka."

"Na tulimupa nafasi ya yaya yake!"

"Ngalula hangetufanya hivi. Hata siku moja."

Hilo la mwisho alikuwa Ilunga, Yaya. Ilunga aliyekupenda, na wewe ulijua. Nililisoma mara nyingi. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtu aliyekufa, nimevaa viatu vyako, na nilitaka kumwandikia uliyoniambia siku ile ya kufua. Sikumwandikia. Jina lako ni zuri kule, na mimi siwezi kuligusa.

Halafu kulikuwa na sauti ya mama. Mtu alikuwa ameshamwambia, sijui nani, habari mbaya ina miguu mirefu kuliko ndege. Niliiweka simu sikioni. Nilingojea alie, au anitukane. Alisema hivi, naikumbuka yote:

"Kapinga, mwana wangu. Banasema umekimbia. Mi sijue. Kama umekimbia, mi sikasirike. Kama umekuta batu bazuri, bakia. Ukule. Usikuwe na haya ya kuomba chakula. Unitumie tu sauti, hata neno moja, nijue uko muzima. Basi."

Nyuma yake nilisikia jirani anaita kuku.

Yaya, mpaka pale nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba lazima nirudi kwa sababu ya mama. Sasa mama mwenyewe alikuwa ameondoa hiyo sababu. Nilimsikia akifungua mkono wake, na niliogopa jinsi ulivyofunguka kirahisi, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nilikaa. Mama Puri alikuwa ananitazama, hakuelewa maneno lakini alielewa sauti. Akaniuliza, "Mama yako anasema nini?" Nikamwambia anasema nibaki nikitaka.

Hakunishawishi huku wala kule. Alisema ana rafiki mwenye chumba, kwamba kazi ipo, wazee wa kutunza hawakosekani. Kisha akaanza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Akasema mama yake alikufa yeye akiwa hapa, karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka, hakuweza kwenda. Walimwonyesha mazishi kwenye simu. Picha ilikuwa inasimama, inaendelea, inasimama. Walipoteremsha jeneza picha ilisimama, na iliporudi walikuwa wamekwisha kufukia. "Leo," alisema, "ndiyo mara ya kwanza nimeketi mbele kwenye mazishi na mtu wa kunishika mkono." Akaweka taulo kabatini.

Ningependa kukuambia kwamba niliamua kwa moyo mkubwa. Si hivyo. Kwa muda mfupi nilitaka kubaki. Nilitaka kweli, na ninakuandikia kwa sababu wewe huwezi kushangaa. Nilijiona katika maktaba moja yenye madirisha marefu, hakuna anayenijua, hakuna anayenilinganisha na wewe. Halafu nikaona mkoba wa Mama Monga umefungwa kwa fundo, na paspoti yangu ndani yake, na mkono wake ukiitoa mbele ya polisi wa uwanja wa ndege. Nikamwona Ilunga, anayeomba nafasi ya kusoma ufundi nje, akiulizwa, "Wewe si wa kwaya ile?" Na niliogopa pia, sitaki kusema uongo. Niliogopa kulala katika nyumba ile. Niliogopa baridi. Niliogopa kuwa picha inayosimama kwenye simu ya mama.

Nikabonyeza nikasema, "Mama, niko muzima. Niko narudia." Kwa kundi niliandika, "Nakuja. Mungojee, tafazali." Nikaona alama mbili zimekuwa za buluu, hakuna aliyejibu.

Tulikimbia. Mama Puri na koti lake la kilio, mimi na kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikuwa kinanitoka. Kuna ngazi zinazojiendesha zenyewe zinazoteremka mlima mpaka chini kwenye mabasi, na juu yake niliona basi yetu bado ipo na watu wamesimama nje. Chini Mama Puri hakunifuata mpaka mlangoni. Alinibusu mashavu kama yule mama wa kanisani, akanigeuza kwa mabega akanisukuma kidogo. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa amekwisha kupanda ngazi, amenipa mgongo.

Mama Monga alikuwa mlangoni mwa basi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Ingia." Nikaingia. Mtu akasema nyuma, "Karibu, Mukimbizi," wengine wakacheka, si kicheko kibaya sana, kicheko cha watu waliokuwa na hofu. Mama Monga aliuliza, "Ulikuwa wapi?" Macho yote yalikuwa kwangu. Maneno yote yalikuwepo, Yaya, jeneza, kanisa, mkono, Mama Puri, yalikuwa yamejipanga. Mdomo ukasema, "Nilipotea." Basi. Alikaa karibu nami mpaka uwanja wa ndege. Nilipoenda chooni alisimama nje ya mlango.

Tangu turudi, jina ni hilo. Hata watoto wa jirani: "Mukimbizi, unaenda masomo?" Mon Père amesema barua ya masista ya kutualika mwaka ujao ataifikiria kwanza. Kwaya wanajua ni kwa sababu ya nani. Ilunga hanisalimu. Siku ya mazoezi nabaki nyumbani nasema nina mtihani.

Mama alinipokea kwenye uwanja wa parokia. Alinigusa uso, akagusa mikono, kama mtu anayenunua nguo anaangalia kama imepasuka. Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja tu. "Ulisikia sauti yangu?" Nikasema nilisikia. "Na ukarudia?" Nikasema nilirudi. "Juu ya nini?" Nilifikiri. Nikamwambia, "Sikuwa nimekuaga, mama." Alitikisa kichwa, akaingia jikoni kukoroga sombe, na nikamsikia anapenga kamasi.

Yaya, sikasiriki na wewe. Nilikasirika kidogo, pale kitandani, na sasa imepita. Ungeondoka bila kuaga, na mwishowe homa ilikuondoa hivyohivyo, na hukuwa na wakati wa kuchagua. Mimi nina wakati. Kwa hiyo nakuahidi hili: nikiondoka Kolwezi siku moja, na nadhani nitaondoka, nataka kusoma mbali, nitakaa mbele ya mama mchana, nitamwambia ni wapi na ni lini na narudi lini, na nitangoja mpaka amemaliza kulia. Siri yako naiacha hapa kwenye karatasi hii, na karatasi nitaichoma. Lala vizuri, dada yangu. Viatu vyako nimevipaka rangi, vimekaa chini ya kitanda chako.

Mdogo wako,
Kapinga

Nilidhani nimemaliza, lakini nimerudi kuongeza. Ni jioni.

Nilipoweka kalamu nilitoka nikaenda kwa Mama Monga. Sikumwambia mama ninakwenda kufanya nini, lakini nilimwambia naenda kwa Mama Monga. Njiani nilirudi nyuma mara mbili. Nilimkuta kwenye baraza anasuka nywele za mjukuu wake. Nilisalimu, sikungoja aniambie nikae. Nikasema, kwa sauti yangu hiihii:

"Mama Monga, sikukimbia. Nilisimama kwa sababu maiti ilipita."

Vidole vyake vikasimama kwenye nywele. "Maiti gani?"

"Pale kwenye kanisa la ngazi. Gari jeusi. Walikuwa wanatoa jeneza."

"Ya nani?"

"Ya bibi mmoja wa pale. Simjui."

Mjukuu akauliza kama amemaliza, Mama Monga akashika tena msuko. Kisha akasema, si kwangu, kwa nywele za mtoto: "Niliiona. Niliona gari lile. Nilibasukuma batoto bapite haraka, yule wa alizeti alikuwa anaenda mbio." Akasema tena, "Mi mwenyewe nilibasukuma."

Nikasema, "Njia ilikuwa nyembamba, mama."

Alinisogezea kibao kwa mguu. Nikakaa, nikamshikia kitana mpaka alipomaliza kichwa cha mtoto, kisha nikarudi nyumbani.